Mtoto Aliyempa Babu Mgongo

Kwenye ua wa hospitali ya wazazi, kati ya tangi la maji na chumba cha jenereta, kuna nafasi ya kuegesha gari moja ambayo kila dereva wa mtaani anajua si yake. Hapo ni pa Babu Tikisa. Hakuandikiwa barua wala hakupewa kitambulisho. Alianza tu kuja, akafukuzwa mara mbili, akarudi mara tatu, mpaka sista mkuu akakubali kwa shingo upande. Siku hizi sista huyo huyo asipomwona kufikia saa tatu asubuhi anauliza kama mzee anaumwa.

Jina walimbandika manesi, na wala hawakumwonea. Kila kiti cha mtoto anachokifunga ndani ya gari, lazima akikamate pale mkanda unapopita, akitikise kushoto na kulia, kisha amwambie baba wa mtoto: "Haya, na wewe tikisa." Wanaume wengi hutikisa kwa adabu, vidole viwili, kama wanaogopa kukiamsha. Babu huwakodolea macho. "Tikisa kama unataka kukiiba!" Kikicheza kuzidi upana wa kidole gumba, kinafunguliwa chote na kazi inaanza upya, hata kama bibi wa mtoto ameshanuna kwenye siti ya mbele.

Hiyo kazi haimlishi. Kinachomlisha ni cherehani lake kubwa la kushonea viti vya magari, analoanza kulikanyaga mchana akishatoka hospitali. Viti amevishona zaidi ya miaka thelathini. Ukimwonyesha uzi uliokatika anaweza kukwambia mwenye gari ni mnene au mwembamba, na kama ana tabia ya kubeba funguo mfuko wa nyuma.

Anachowafundisha wazazi kinaweza kusemwa kwa pumzi moja, ila yeye hukisema kwa nusu saa. Kiti kikae siti ya nyuma, kisikae mbele penye mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Mtoto atazame nyuma ya gari. Mkanda wa gari upite kwenye njia yake, ile iliyowekewa alama, na siyo popote unapoona patatosha. Halafu unaweka goti ndani ya kiti na kukilalia kwa uzito wako wote, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo, huku unavuta mkanda mpaka uishe kulegea. Kistari kilichochorwa ubavuni mwa kiti kilale sawa na ardhi, la sivyo kichwa cha mtoto kitamwangukia kifuani na pumzi itabanwa. Mikanda ya mtoto mwenyewe itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo, ikaze hata ukitaka kuifinya usipate cha kufinya. Blanketi baadaye, juu ya mikanda.

Na kila siku, bila kukosa, kuna mtu anayeuliza swali lile lile. Mara nyingi ni bibi au shangazi.

"Sasa mbona mtoto anatupa mgongo?"

Usimcheke. Kwetu sisi, anayekupa mgongo amekukana. Ndugu hupeana mgongo wakigombania mirathi, rafiki hukupa mgongo ukifilisika, na hapa kuna kichanga cha siku tatu kinaanza maisha kwa kuwapa mgongo baba yake na mama yake, tena ndani ya gari lao. Linakera, na linakera kwa sababu ya neno lenyewe. Babu, ambaye maswali mengine huyajibu kwa kufoka, hili hulijibu taratibu.

"Mwache atupe mgongo, mama. Shingo yake bado changa na kichwa ni kizito. Gari likisimama ghafla, kiti ndicho kinampokea, mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Ukimgeuza, shingo hiyo inabaki peke yake."

Akishasema hivyo huinama kupekua sanduku lake la vifaa. Hakuna anachokitafuta humo.

Babu alikuwa na binti mmoja tu. Mkewe alifariki binti akiwa darasa la pili, na mzee akamlea mwenyewe. Alimpikia, alimfulia, alimsuka nywele kwa mikono iliyozoea ngozi bandia, mpaka mwalimu wa darasa akamwomba kwa heshima zote ampeleke mtoto saluni. Wakaishi hivyo, wawili, wakicheka mambo ambayo mtu wa tatu asingeyaelewa. Binti akakua, akaolewa na kijana mpole, akajifungua mtoto wa kike. Hapo ndipo mzee alipopagawa. Mjukuu akipiga chafya yeye anatafuta daktari.

Kiti cha mjukuu kilikuwa cha aina ya kugeuka, kinachoweza kutazama nyuma au mbele mtoto akishakua. Binti alikisoma kijitabu chake cha maelezo mara mbili, akakifunga mwenyewe kwenye gari la baba yake, kikitazama nyuma, akajipangusa jasho.

"Baba, tafadhali, usikiguse."

"Mimi? Unaniambia mimi habari za viti?"

"Nakwambia wewe hasa, baba. Wewe ukiona kiti mikono inawasha."

Walicheka wote.

Mjukuu alipotimiza miezi minane, siku moja mama yake alibanwa kazini, na babu akajitolea kumpeleka kliniki. Njiani mtoto akaanza kulia. Mzee akatazama kwenye kioo, akaona mgongo wa kiti tu. Akaimba, mtoto akazidi kulia. "Yaani mjukuu wangu mwenyewe ananipa mgongo!" alisema kwa sauti, na japo alikuwa anatania, lilimchoma kidogo. Akaegesha pembeni ya barabara. Akamtoa mtoto, akakifungua kiti, akakigeuza, akakifunga upya kikitazama mbele. Ilimchukua dakika kumi, na alikifunga vizuri, maana fundi ni fundi. Mtoto alipoiona sura ya babu yake kwenye kioo alinyamaza, kisha akacheka, akaonyesha meno yake mawili.

Walikwenda hivyo mitaa mitatu, wakitazamana kwenye kioo. Gari la kubeba magodoro lililokuwa mbele yao likafunga breki ghafla. Mzee naye akafunga, akachelewa kidogo tu, akaligonga kwa nyuma. Boneti lilikunjika. Yeye alishuka bila hata mkwaruzo, na kiti hakikuwa kimesogea hata unywele. Mtoto alikuwa amenyamaza.

Hospitalini, binti na mumewe walipofika, daktari alieleza kwa sauti ya chini kwamba mtoto amefariki, ni shingo. Akasema kiti hakikuwa kimefungwa inavyotakiwa kwa mtoto wa umri ule. Askari wa usalama barabarani, kijana mwenye haya, akafungua daftari akauliza: "Kiti alikifunga nani?"

"Mimi," binti akasema. "Nilikifunga mimi." Gari hakuwa ameliona. Alijua tu kwamba mikono iliyokifunga ni yake, kwa hiyo mikono hiyo ndiyo iliyokosea mahali fulani.

Baba yake alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kumgusa bega. Akajiambia atasema wakishatoka nje. Wakatoka nje. Akajiambia atasema baada ya mazishi.

Siku mbili binti aliomba msamaha. Alimwomba mumewe, akawaomba wakwe, akawaomba hata majirani waliokuja kumfariji. Aliziomba nguo ndogo alizokuwa anazikunja. Jioni ya pili alikuja akapiga magoti mbele ya baba yake. "Baba nisamehe, nimemuua mjukuu wako." Na mzee, kwa ulimi ule ule uliokuwa hodari wa mizaha, akasema: "Usiseme hivyo, mwanangu." Hayo tu.

Siku ya tatu akasema ukweli wote, kuanzia kilio cha mtoto mpaka kugeuza kiti. Binti alimsikiliza hadi mwisho.

"Kukigeuza ningekusamehe," alisema. "Ulifanya kwa mapenzi na ujinga. Lakini siku mbili, baba? Umenitazama siku mbili?"

Wakahama mji, yeye na mumewe. Miaka sita mzee hakusikia sauti yake. Alipiga simu mpaka siku alipoambiwa namba haipatikani. Alichobaki nacho ni kile kijitabu cha maelezo ya kiti, akakisoma mpaka kurasa zikalegea kwenye gundi, akatafuta vingine, akaenda kuwasumbua wauzaji wa viti madukani kwa maswali, kisha siku moja akaingia kwenye ua wa hospitali na sanduku lake la vifaa. Watu husema mzee ana moyo wa huruma. Yeye alitaka kitu kimoja tu, binti yake amwamini tena, na kwa kuwa hilo halikuwezekana alifunga viti vya watoto wa watu.

Sasa, asubuhi moja, gari la kijivu likaingia kwenye ile nafasi, akashuka mwanaume mwenye mvi chache. Mzee alimtambua kabla hajafunga mlango. Alikuwa mkwe wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mko salama?"

"Salama. Yuko juu, wodini. Anaruhusiwa saa nne." Akafungua buti, akatoa kiti kipya kikiwa bado kwenye nailoni. "Amesema nikuletee wewe."

"Amesema nani?"

"Yeye mwenyewe."

Mzee akashika kiti kwa mikono miwili na kwa muda akawa hajui kiti ni kitu gani. Kisha akapiga moyo konde, akaingia ndani ya gari. Alikifunga. Akakitikisa, kikawa kimya. Akakifungua chote, akaanza upya. Mara ya tatu mkwe akasema kwa upole, "Kimekaza, baba," naye akajibu, "Bado." Jasho lilimdondoka kwenye siti, akalifuta kwa kiwiko. Alikilalia kiti kile kwa uzito wake wote na huko ndani, ambako hakuna aliyeiona sura yake, alilia.

Binti alishuka na nesi, akitembea pole pole. Alikuwa amekonda, amekuwa mtu mzima usoni. Kifuani amekumbatia furushi la taulo jeupe, limefunikwa mpaka kwenye paji. Alimpita baba yake, akampa mumewe furushi, akainama ndani ya gari na kukikamata kiti pale pale panapotakiwa. Alikitikisa kama mtu anayetaka kukitoa na gari lake. Hakikucheza. Akatazama kistari cha ubavuni. Ndipo akampokea mtoto, akamlaza mwenyewe, akamfunga mwenyewe.

Mzee alisimama hatua moja nyuma, mikono kaificha mgongoni. "Mkanda wa kulia umejisokota," alisema.

Binti akaunyoosha. "Anakunja shingo," akasema, bila kugeuka.

"Ni usingizi. Mlalo uko sawa, haitambana. Safari ndefu?"

"Mwendo wa saa tano."

"Msimame kila baada ya saa moja, atolewe, anyooke. Mtoto mchanga asikae humo muda mrefu."

"Sawa."

"Mwanangu..."

Binti alifunga mlango taratibu, asimwamshe mtoto, ndipo akageuka akamtazama baba yake kwa mara ya kwanza.

"Kule kwetu kuna hospitali, baba. Nilisikia unafunga viti hapa, nikaja kujifungulia hapa kwa sababu ya kiti. Huyu simwachii mtu mwingine amfungie kiti. Hakuna anayejua kikikosewa inakuwaje kama unavyojua wewe. Lakini usije ukadhani nimekusamehe. Siku nikikusamehe nitakuja nyumbani kwako, nitabisha hodi. Leo nimekuja kwa ajili ya kiti."

"Sawa, mama." Ndivyo alivyomwita tangu akiwa mdogo, na neno lilimtoka lenyewe. "Baada ya miezi miwili mikanda itakuwa imemshukia. Ipandishwe tundu moja."

"Nitamtuma baba yake."

Akaingia siti ya nyuma, kando ya mtoto. Gari likarudi kinyumenyume, likageuka, likatoka.

Mlinzi wa geti, mtu mmoja mropokaji asiyejua kupitwa na habari, alikuja mbio mbio. "Babu! Yule dada mmefanana pua mpaka nimeshtuka. Ni nani wako?"

"Binti yangu."

"Weee! Kumbe umepata mjukuu halafu umenyamaza? Wa kike au wa kiume?"

Asubuhi nzima walikuwa wamesema mtoto, amelala, anakunja shingo, asikae muda mrefu, na lugha yetu ilivyo, unaweza kumzungumzia mtu tangu alfajiri mpaka jioni isijulikane kama ni wa kiume au wa kike. Mzee hakuuliza. Aliogopa kwamba akiomba hata kitu kimoja zaidi ya kiti, atanyang'anywa na kiti chenyewe. Sista mkuu alikuwa pale dirishani, kitabu cha waliozaliwa kikiwa wazi mbele yake, na angemjibu bila hata kuinua kichwa. Mzee akalitazama lile dirisha. Lakini hilo lilikuwa jambo la kuambiwa na mwenye mtoto.

"Sijui," akamwambia mlinzi. "Baba yake anakuja baada ya miezi miwili. Nitamuuliza."