Udongo Mtamu

Ulimi wa Candida ulikuwa maabara pekee ya udongo pale Kariakoo, na haukuwa na hata cheti. Miaka ishirini na mbili alikaa pembeni mwa Mtaa wa Kongo na beseni lake, akiwauzia wajawazito vijiti vya udongo wa kula. Mpe kipande, atakigusisha ulimi, atafumba macho, kisha atakwambia: hiki cha kichuguu, mchwa wamekitema mara mbili, hiki cha Pugu, udongo wa mfinyanzi mweupe, safi, hiki kina mchanga, mrudishie aliyekuuzia akapigie lipu.

Alizaliwa Rombo, mlimani. Baba yake alimfundisha kwamba udongo ni mtoto wa jiwe. Jua linalichoma, mvua inalilowesha, linapasuka. Mizizi inajipenyeza, nyungunyungu wanageuza, maji yanateremsha laini na kuacha kokoto, na baada ya miaka mia kadhaa unapata unene wa kidole. Yaani udongo una wazazi watano: jiwe, hali ya hewa, viumbe, mteremko na muda. Ni kama mtoto wa uswahilini, mtaa mzima umemlea na hakuna anayelipa ada. Baba aliongeza kwamba udongo ukikomaa sawasawa unakuwa na utamu kwa mbali. Candida aliishika kauli hiyo kama Baba Yetu. Heri angeisahau.

Masika mwaka huo yalikata barabara ya machimbo, mzigo wa Pugu ukakwama. Ndipo akatokea Aristides, mtu mzima mwenye mkokoteni na ulaini wa mhubiri, na magunia ya mfinyanzi wa kijivu. Alipoulizwa ametoa wapi, alisema ardhi yote ni ya Mungu. Candida akaonja. Utamu ulikuwapo, tena si kwa mbali. Akaona huu umekomaa kuliko yote aliyowahi kuonja. Akaukanda, akaukata vijiti, akaubanika.

Wateja walipagawa. Wengine walivuka na pantoni kutoka Kigamboni na matumbo yao mbele, kufuata udongo. Aliyetafuna kuliko wote ni Matilda, mke wa mwanawe Jovin, mimba ya miezi saba, iliyosubiriwa miaka sita kwa novena za kanisani na dawa za kienyeji kwa zamu. Candida alimchagulia vijiti kwa mkono wake mwenyewe. Mkwe umpendaye humpi makapi.

Wiki ya sita Matilda alishikwa na tumbo, akapauka, mikono ikafa ganzi. Hospitali wakampima damu, na nesi mmoja, Severa, akamfuata Candida kwenye benchi.

"Mama, damu ya mkweo ina risasi nyingi."

Candida aliutazama mlango. "Nani kampiga?"

Watu wa benchi la jirani walicheka. Severa hakucheka. Akaeleza kuwa ni madini, yale ya kwenye betri za magari, na kwamba mapigo ya mtoto bado yapo ila yamefifia. Wakijua hayo madini yametoka wapi, watajua pa kuanzia. Mgonjwa alikuwa anakula nini?

Ule ulimi uliojua kila kitu ukagoma. Candida akasema ugali, mchicha, chakula cha kawaida tu.

Kisha akatoka mbio kwenda Ilala, kwenye kiwanja ambako wabeba mizigo aliowauliza njiani walimwambia Aristides ndiko anakochimba. Alimkuta mlinzi peke yake, Mzee Mwinyimvua, ameketi ukingoni mwa shimo la msingi wa ghorofa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Na wewe umekuja kuchota?"

Candida alichungulia. Ukuta wa shimo ulikuwa umejianika tabaka kwa tabaka. Juu kifusi: vigae, soli za kandambili, mifuko. Chini yake utepe mweusi uliojaa maganda ya betri. Chini kabisa, umetulia kama bibi harusi, mfinyanzi wa kijivu.

Mwinyimvua akamsimulia kwamba hapo mafundi walitengeneza betri miaka thelathini, wakimwaga maji yake papo hapo. Hata magugu yaliona aibu kuota. Candida hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mchanga ni bwege, kila kitu kinampita. Mfinyanzi ni mmbea: kinachomdondokea anakidaka, na hakisahau. Ule utamu haukuwa ukomavu. Ilikuwa ni risasi.

Alirudi hospitali anahema, akamshika Severa mkono. "Ni udongo. Udongo wangu mimi."

Severa alikuwa ameshavua glovu.

Mchaga akifia Bongo husafirishwa akalale kwenye kihamba, shamba la ukoo, kwenye ule udongo mweusi wa mlima. Mtoto huyu hakulia hata mara moja, basi hakupata jina, wala jeneza, wala basi la Rombo. Walimfukia hapahapa, kwenye mchanga wa Dar usioshika kitu. Matilda alipona kiasi, akahamia kwa mama yake.

Candida alirudi Mtaa wa Kongo, akaketi na beseni tupu. Dada mmoja mwenye tumbo la miezi mitano akasimama.

"Shikamoo mama. Ule mtamu upo?"

"Marahaba. Usile ule, mwanangu. Una risasi."

Yule dada akacheka mpaka akashika kiuno. "Sasa mama, nani anipige risasi mimi?"

Akahamia beseni la muuza udongo wa jirani, ambako Aristides alikuwa ameshusha gunia asubuhi ileile.