Waliokuja Kuona Chumba cha Shosho

Chumba cha shosho, nyanya yangu, kilikaa kitupu tangu tumzike, na mimi ningependa kikae hivyo hivyo. Mama alisema karo yangu haitalipwa na huzuni, akaondoa kitambaa cha shosho kwenye dirisha, akapaka ukuta rangi ya maziwa, na mimi nikabandika karatasi getini: Chumba kinapangishwa.

Ni chumba kimoja cha mawe nyuma ya nyumba yetu hapa Kangemi. Mlango wake unatazamana na mlango wa jikoni kwetu. Mfereji wa maji ni mmoja, kamba ya nguo ni moja, geti ni moja. Ukipika samaki wa omena, mtu wa chumba kile anajua. Mama anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja kule Parklands, na wiki zingine anaingia zamu ya jioni, akirudi mimi nishalala. Siku hizo shosho ndiye alikuwa upande wa pili wa kamba. Sasa angekuwa mtu mwingine. Tuko wawili tu, mama na mimi bintiye, na tukikosea kuchagua, mimi ndiye ningebaki naye pale uani. Hatukulisema hilo. Tulisema tunatafuta mtu mzuri.

Mama hakuwahi kuwa landilodi. Akaenda kuuliza kwa jirani yetu mwenye ploti ya vyumba vingi, mama mmoja anayekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwake na kumjua kila anayepita. Yule akampa sheria. Polisi usimpe, wakili usimpe, mtu wa ukoo wenu usimpe kabisa. Hao ukitaka kuwatoa, utatoka wewe. Mwenye watoto atakumalizia maji. Lakini mwanamume aliye peke yake, mwenye kazi, asiyepika sana, huyo ni mpangaji wa mbinguni. Na usisahau kumpigia simu landilodi wa alikokuwa akikaa mtu, umsikie anavyosema. Mama alisikiliza vile huwa anasikiliza mahubiri, kichwa upande mmoja.

Kuonyesha chumba kukawa kazi yangu, kwa sababu mama mara yuko kazini, mara amelala akingoja zamu. Mimi, ambaye mwalimu akiniuliza swali sauti inabaki tumboni. Nilimwambia siwezi. Akasema, "Si kuongea, mami. Ni kufungua mlango tu."

Nikagundua kitu ambacho sikukitarajia. Watu hawapendi kimya. Ukisimama tu na funguo mkononi, bila kusema neno, wanakijaza wenyewe. Kijana mmoja alikuja na mpenzi wake akanisalimu, niaje, akauliza kama keja hii iko na stima ya kulipia kwa tokeni. Nikaitikia kwa kichwa. Kabla hatujatoka, alikuwa ameshanieleza ukubwa wa spika yake na jinsi majirani wa alikotoka walivyokosa shukrani. Mzee mmoja alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akasema kitanda kitatosha, halafu akaonyesha mahali mfereji ulipo na kusema pale ndipo kuku watalala. Nilimpelekea mama habari hizo jikoni, naye akacheka mpaka akajifuta macho. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka hivyo tangu mazishi.

Kisha akaja yule wa kwaya. Ilikuwa Jumamosi asubuhi na mama alikuwa ameenda sokoni. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa licha ya tope letu. Alisema anafanya kazi katika ofisi moja mjini na kwamba anaimba kwaya. Aliingia, akatazama dari mara moja, akatoka. Halafu akasimama mlangoni akiangalia mlango wa jikoni yetu. Akauliza mama hurudi saa ngapi kutoka kazini. Nikasema inategemea. Akauliza kama baba yuko, kama nina kaka. Nikaziangalia funguo.

"Na huogopi, ukiwa peke yako?" akasema, kwa upole kabisa, kama mwalimu wa shule ya Jumapili.

Nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema hapana.

Mama alimkuta getini. Walisalimiana, na yeye akambebea mama kikapu cha viazi mpaka jikoni. Alipoondoka uso wa mama ulikuwa umeshang'aa. Akampigia landilodi wa zamani wa mgeni huyo, naye akamsifu kama anayemwombea kazi: analipa kabla ya tarehe, hana kelele, hana wageni.

Mchana huo huo akaja mama mmoja kutoka pwani, amevaa buibui, amemshika mkono binti yake mdogo wa shule ya nasari. Anafundisha watoto madrasa katikati ya jiji. Alinisalimu, "Hujambo mwanangu," akasubiri mpaka nikajibu. Mama alisimama nasi akimwangalia. Mgeni yule alifungua mfereji, akasukuma dirisha kwa kiganja kuona kama linalegea. Kisha akafunga mlango tukiwa ndani wote na kuuliza komeo liko wapi. Shosho hakuwa na komeo, alikuwa akiuegemeza mlango kwa stuli. Akauliza na taa ya getini, mbona balbu imeungua. Mama akasema itawekwa. Yule akauliza lini.

Mama alipompigia landilodi wa mgeni huyo, aliweka simu kwa sauti kubwa ili nisikie.

"Huyo mama si mbaya, lakini ako na maneno," yule mwanamume akasema. "Leo balbu, kesho kufuli. Vijana wakikaa kwa ngazi, anataka niwafukuze. Mimi nimechoka na yeye. Mchukue tu."

Mama akakata simu akicheka. Akasema huyo atamtoa mvi, na isitoshe ana mtoto. Wa kwaya angepigiwa kesho yake, baada ya kanisa.

Jioni tulikuwa tunamenya viazi, vile vile alivyobebewa mama na yule wa kwaya. Nilijaribu kuanza mara kadhaa. Nilijiambia hakunigusa, hakuniambia neno baya, na landilodi wake amemsifu. Ningemwambia mama nini, kwamba mtu aliniuliza maswali kwa adabu? Mwishowe nikampa mgongo, nikajifanya ninaosha sufuria.

"Huyo wa kwaya aliniuliza unarudi saa ngapi."

"Kila mtu huuliza geti inafungwa saa ngapi," mama akasema.

"Hakuuliza geti. Hata maji hakuuliza." Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini ilitoka. "Aliuliza kama huwa naogopa nikiwa peke yangu."

Nilisikia kisu kikinyamaza nyuma yangu. Mama akauliza nilimjibu nini. Nikasema nilimwambia hapana. Akauliza kama ni kweli. Nikaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata.

Akaenda akasimama kwenye mlango wa jikoni, akautazama mlango wa shosho kwa muda. Aliporudi alikaa chini, akachukua kiazi, hakukimenya.

"Na yule wa pwani, alikuwa anamsumbua landilodi na nini tena?"

"Balbu," nikasema. "Kufuli. Vijana wa kwa ngazi."

Mama akayarudia hayo maneno polepole, moja moja, kama anayeyasikia kwa mara ya kwanza.

Siku iliyofuata alimwambia yule mwanamume kwamba chumba kimechukuliwa na mtu wa ukoo. Akasema hakuna shida, Mungu atubariki. Fundi akaja kutia makomeo, moja kwa shosho na moja kwa mlango wetu wa jikoni, ambalo mama hakuwa ameniahidi. Jirani aliposikia tumempa yule wa pwani, mwenye mtoto, na zaidi ya hayo mwenye maneno, alitupa mikono juu akasema tusije kulia kwake.

Baadaye nilimwona yule wa kwaya Dagoretti Corner, nikienda kwa shangazi. Alinitambua. Akanisalimu, akauliza mama anaendeleaje, akasema amepata chumba karibu na hapo, kizuri tu. Nilitembea nikiwaza. Inawezekana ni mtu asiyejua kunyamaza, kama yule wa spika, akajaza kimya changu kwa alichokipata karibu. Sitajua kamwe. Lakini nilijua nisingependa kujua kwa njia ile nyingine.

Mpangaji wetu ana maneno kweli. Mfereji ukidondoka anasema, kamba ikilegea anasema, na mama hunung'unika akitafuta simu ya fundi. Zamu zikiwa za jioni, giza likianza kuingia, namsikia akivuta komeo lake ng'ambo ya kamba ya nguo, kisha anaita, "Umefunga, mwanangu?"

Lazima nijibu kwa nguvu ili asikie kupita milango miwili.

"Nimefunga."