Maji ya Mzazi na Maiti

Siku hizi nasikia watu wanasifia kuoga maji baridi asubuhi. Yanaamsha damu, wanasema, yanaupa mwili kinga, mafua hayakusogelei. Haya, kila mtu na mwili wake. Lakini asije akanisifia mimi. Maji hayo niliyaoga utotoni Mohoro, kipupwe kizima, wakati wa Mwingereza, na hasira yake sijaimaliza mpaka leo.

Baba alikuwa boi wa bwana msitu, Mzungu aliyeletwa kusimamia ukataji wa mikoko. Mwaka ule kikohozi kilipita nyumba hadi nyumba. Bwana msitu akawakusanya wazee wa mji, akawaambia dawa ya kifua ni kuukomaza mwili: mtu aoge maji baridi kila alfajiri, ugonjwa utamkimbia. Baba alirudi nyumbani na neno lile kama mtu aliyetoka kuhiji. Simlaumu kwa kulitamani. Kaka yetu mkubwa alikufa kwa kifua kabla mimi sijapata akili, na baba hakutaka kuzika tena.

Lakini mdogo wangu wa kike alikuwa na pumu. Kipupwe kikiingia, ukilala naye mkeka mmoja ulikisikia kifua chake kikipiga filimbi hadi asubuhi. Na huyo ndiye ambaye baba alimtanguliza kuoga, eti yeye ndiye mwenye haja zaidi. Wala hayakuwa maji ya kuteka kisimani saa ile ile, ambayo alfajiri huwa na uvuguvugu wake. Yalikuwa ya mtungini, yamelala uani yakipigwa na umande. Kata ya kwanza ya maji ikimwangukia mgongoni, mtoto alifungua mdomo na sauti isitoke. Baba alimwambia, "Vumilia, mwanangu, mwili utazoea." Haukuzoea. Kila siku filimbi ilizidi, na mimi niliyekuwa nasubiri zamu yangu nyuma yake nilitamani kuupiga teke ule mtungi.

Mama aliomba mtoto achemshiwe maji, walau kidogo. Baba akamjibu kwa jibu ambalo kwetu kila mtu alilijua.

"Maji ya moto yana wenyewe, mama watoto. Mzazi na maiti."

Ndivyo ilivyokuwa. Mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, alikandwa kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani, na maiti alioshwa kwa maji vuguvugu. Mtu mwingine akionekana anabandika maji ya kuoga motoni, wenzake walimuuliza amejifungua nini. Mama akaenda kumsugua mtoto kifua kwa mafuta ya nazi.

Siku moja akanituma nimpelekee baba chakula kambini. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya bwana msitu, amechutama mbele ya moto wa magogo ya mkoko, kuni ambazo sisi hatukuruhusiwa kuzikata bila kibali. Juu ya moto kulikuwa na madebe mawili yanayofuka mvuke. Nikadhani anapika.

"Baba, maji haya ya nani?"

"Ya bwana. Ya kuoga."

"Kwani anaumwa?"

"Haumwi. Kuna baridi."

Alilisema bila kufikiri, kama mtu anavyosema mvua inanyesha. Kisha akanitazama. Akabeba debe akaingia ndani, nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni la bati, na yule Mzungu mwenye kifua kipana kama mlango akiguna kwa raha. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini ghadhabu ilinipanda. Dawa aliyowagawia watu mji mzima, yeye mwenyewe hakuionja. Na aliyemchochelea moto ni baba yangu, jioni kwa jioni, halafu anarudi nyumbani kutumwagia umande.

Nilimweleza mama. Alinipa tu ufagio nikafagie.

Alfajiri baba alipotoka na kata kwenda mtungini, aliyakuta mafiga ya uani yana moto na sufuria ya maji juu yake. Mama alikuwa amesimama mbele ya mtungi, amemshika mdogo wangu mkono. Filimbi ya kifua ilisikika hadi mlangoni nilipokuwa.

"Maji ya moto yana wenyewe," baba alisema, ila sauti ilikuwa ndogo.

"Najua. Ni mzazi na maiti," mama akasema. "Mtoto huyu kuzaa bado. Sasa niambie, baba watoto, unangoja awe yupi?"

Baba alisimama na ile kata mkononi. Moto ulikuwa unafifia, kuni za mama zilikuwa mbichi. Akaiweka kata chini, akapiga magoti mbele ya mafiga, akapanga kuni upya na kupuliza. Ukawaka mara moja. Ilikuwa kazi yake ya kila jioni.