Mwisho wa Sinema ya Kumbikumbi

Kuna mtu, simjui na wala sitaki kumjua, aliyeandika mtandaoni kwamba ile sinema ya katuni ya wadudu "mwisho wake unatabirika." Nilimchukia wiki nzima. Nilimchukia nikifua, nikamchukia nikisonga ugali, nikamchukia nikiwa nimepiga magoti kanisani, Mungu anisamehe. Mwanangu wa miaka sita alikuwa hali chakula vizuri kwa sababu ya mwisho huohuo, na mtu huyo huko aliko, tumbo limejaa, anasema unatabirika. Unatabirika na nani?

Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Masasi. Bwana mmoja, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, alileta kompyuta na projekta yake ili watoto waone sinema bure. Madirisha yakazibwa kwa vitenge. Sinema ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mwalimu wa watoto wa Jumapili alishika maiki akawa anatafsiri, na pale asipoelewa akatia ya kwake. "Hapo mdudu anamwambia mama yake shikamoo," alisema, na mimi najua kabisa mdudu hakusema hivyo.

Ilikuwa habari ya kumbikumbi mdogo. Waliokaa nyuma walibisha kwamba ni siafu, lakini mama yangu, aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake, akakata maneno: "Ana mabawa, anakaa kichuguuni, ni kumbikumbi. Nyamazeni."

Kisha wingu likatanda juu ya kile kichuguu cha kwenye sinema. Sasa, kila mtoto wa huku anajua cha kufanya hapo. Kumbikumbi sisi tunawala. Mvua ikikawia, unakaa kando ya kichuguu unagonga debe polepole, ti-ti-ti, ili wadhani inanyesha, watoke. Basi mtoto mmoja akaanza kugonga benchi, wa pili akafuata, mara ukumbi mzima unagonga. Mwanangu aligonga kuliko wote, ulimi nje, kama fundi. Na kweli wakatoka! Wengi, wanameremeta, ukuta mzima. Mama mmoja akaita, "Leteni ndoo jamani!" Tukacheka mpaka tukafuta machozi.

Hapohapo ukaja upepo, ukamchukua yule mdogo, ukamtupa mbali na kwao. Akatangatanga. Akakutana na yule mdudu anayeviringisha mavi ya ng'ombe, wakawa marafiki, wakaanza safari ya kurudi. Walipofika mtoni, umeme ukakatika.

Tukasubiri. Haukurudi.

Njiani mwanangu alinishika kidole. "Mama, alifika kwao?"

"Tutaona Jumamosi ijayo."

Tulipofika kwenye mikorosho ya jirani akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyemtoa. Niligonga sana."

Niliumia. Kwa sababu siku tulipoondoka Newala, kwa baba yake, tukiwa na begi moja na godoro, basi limeshawasha injini, aliniuliza kama tunaondoka kwa sababu alimwaga uji kwenye shati la baba. Nilimwambia hapana. Nilimwambia mara kumi. Lakini mtoto kukuitikia si kukuamini.

Jumapili, baada ya ibada, wazazi tukaitwa kikao. Nilidhani ni habari ya umeme. Jirani yetu akasimama wa kwanza.

"Mimi leo nimeamka alfajiri, nimezungukia kichuguu, nimepata ndoo nzima. Ndoo! Nageuka kuchukua kikaango, mwanangu kaimwaga yote nyuma ya nyumba. Ati warudi kwao. Mchana huu tunakwenda kula ugali na chumvi."

"Sinema gani hiyo," akasema mzee mmoja, "inayofundisha watoto kuionea huruma mboga? Kesho watatuletea ya kuku."

"Na ya kisamvu," akadakia mwingine, na ukumbi ukaangua kicheko.

Yule bwana mwenye kompyuta aliona haya. Badala ya kuitetea sinema yake akatoa simu. "Ni kweli wazazi, hata wachambuzi wa nje hawakuisifu. Huyu hapa anasema ni ya kawaida tu, mwisho wake unatabirika."

Nikasimama. "Shikamooni wazazi. Naomba watoto wamaliziwe kipande kilichobaki. Mkishamaliza, izikeni hiyo sinema mnapotaka."

Bwana akaniita kwa jina la mwanangu, kwa heshima, mama fulani, akasema, "Hakuna kilichobaki, mama. Unatabirika."

"Na nani?"

"Na mtu mzima yeyote."

"Mwanangu ana miaka sita."

"Basi mtabirie wewe."

Wakacheka tena. Nikakaa, masikio yanawaka moto. Ikakubaliwa isionyeshwe tena, na Jumatatu yule bwana akaenda Mtwara kikazi, kompyuta kwapani.

Nikanunua bando nikaanza kutafuta. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kinachechemea, lakini kinafika. Nikasoma wachambuzi hao mmoja mmoja. Mmoja alisifu rangi za mabawa. Mmoja alisema utani wake ni wa watoto wadogo, kana kwamba amegundua wizi. Mmoja alijisifu kwamba alitazama saa yake mara tatu. Mmoja akaandika kwamba wadudu wale hawana uhai ndani yao, nikamkumbuka mwanangu akigonga benchi, ulimi nje, na nikataka kumtumia mchambuzi huyo benchi lenyewe. Na karibu wote walimalizia hivi: sitakuharibia mwisho. Wanasema mwisho unajulikana, halafu wanauficha! Ni kama mtu anayekwambia chungu ni kitupu, na huku amekalia kifuniko.

Mchambuzi niliyemheshimu ni mama yangu peke yake, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne. Alikuwa anapepeta mahindi, nikamuuliza sinema aliionaje. "Wamechora vizuri," alisema. "Lakini aliyechora hajawahi kukaa kando ya kichuguu. Yule mdogo kakaa na mabawa siku tatu. Kumbikumbi gani huyo?"

Mwishowe nikamwita mwanangu. "Alifika kwao. Mama yake alimpokea, wakala, wakacheza ngoma."

"Ulimwona?"

"Nimesoma kwenye simu."

"Imeandikwa amefika?"

Nikashindwa kudanganya mara mbili. "Imeandikwa kwamba watu wazima wanajua."

Akanitazama kama ninavyomtazama muuza samaki wa jana. "Basi hujui," akasema, akaacha uji wake nusu.

Alhamisi mvua ikanyesha adhuhuri, kubwa, kisha ikakatika ghafla na jua likatoka. Nyuma ya nyumba ya mama yangu kuna kichuguu chini ya mkorosho. Wakaanza kutoka, mmoja, kumi, halafu kama moshi. Nikakimbilia ndoo. Mwanangu alisimama mbali, mikono nyuma, ameibana kabisa isije ikagusa kitu.

Mama yangu akamwona. Hakumwambia asogee. Alikaa kwenye kigoda chake, akauliza kama mtu anayeuliza njia, "Mjukuu wangu, umesikia mtu akigonga debe?"

"Hapana, bibi."

"Mimi nimegonga?"

"Hapana."

"Mama yako?"

"Kashika ndoo."

"Na mbona wanatoka?"

Mtoto akakigeukia kichuguu.

"Debe ni haraka yetu sisi wenye njaa," bibi yake akasema. "Siku yao ikifika wanatoka wenyewe. Ungegonga, usingegonga, wanatoka."

Mikono ikalegea, ikaja mbele. Akasogea. Akachuchumaa. "Na wanarudi kwao?"

Nilisimama na ndoo yangu. Jibu hilo nililiogopa kuliko wote, kwa sababu Newala haturudi.

"Hawarudi," mama yangu akasema, bila kulipamba. "Tazama huyo." Kumbikumbi mmoja alikuwa ametua kwenye udongo mbichi. Akajitikisa, na mabawa yote manne yakadondoka, akaondoka bila kuyatazama. Mwingine akamfuata nyumanyuma. "Hao wawili watachimba. Wanapochimba ndipo kwao. Kichuguu hiki nacho kilianza na wawili tu, mimi nikiwa mwari."

Mwanangu alilala kifudifudi kwenye tope na gauni lake safi, na mimi, ambaye ningemfokea siku yoyote nyingine, nikamwacha. Aliwatazama wale wawili mpaka wakapotea chini ya jani la mkorosho. Akawafunika kwa udongo kidogo, kwa vidole viwili, kama anayefunika mbegu.

Kisha akanyanyuka, akaja kuchungulia ndoo yangu, iliyokuwa imeshafika nusu.

"Wale wawili tuwaache wachimbe," akaniambia. "Hawa tia chumvi."