Wakwe Hawataki Mujukuu Wangu Akufe mu Opera

Ninyi wa ukurasa huu, jina langu mulifiche. Kadutu nzima, mutaa yetu, wananijua kwa sauti, sitaki wanijue na mu karatasi. Mimi ni mama muzee, wajukuu tayari wananichotea maji. Masomo sikufanya hata siku moja. Mimi nasema, jirani yangu anaandika, na nimemukataza kunitengenezea maneno.

Ninalea mujukuu wangu, tumwite Nsimire. Ni mutoto wa binti yangu mwenye alikufa. Binti yangu alipendwa na mwanaume mwenye kununua zahabu ya Kamituga. Akamupa mimba, akamwambia amungoje, kisha akaoa mwingine kwa misa, hapa hapa Bukavu, na karamu kubwa. Binti yangu akaacha kula. Watu walisema ni malaria. Mimi njo nilimuosha maiti, najua ilikuwa nini.

Basi, mwaka huu padiri mumoja Mutaliani akaleta mu parokia mchezo wa kwao, wanauita opera. Mule watu hawasemi, wanaimba tu, hata kama ni kuitana kwa chakula. Ni hadisi ya zamani: mwanamuke anadanganywa na mutajiri, mwisho anakunywa sumu. Padiri akasema watu wa leo wa Zaïre hawana kazi na wafalme wa Ulaya. Akamuvalisha mutajiri abacost, ile koti ya wakubwa isiyo na tai, mwanamuke akamupa pagne ya kitenge, maneno akayatia mu Swahili, na ngoma zikaingia pembeni ya accordéon. Nsimire akapewa kuwa ule mwanamuke. Sauti ya mutoto ule! Ukimusikia unaacha mafuta yaungue ku moto.

Padiri akanifuata nyumbani, akaniita koko kama wajukuu wangu. "Koko, pale anakufa nataka kilio cha kweli, si kwaya." Mu matanga ya mitaa yetu mimi njo huwa naongoza kilio. Nikaitika, nikaleta wamama wenzangu.

Siku ile ya mchezo, salle ya parokia, ile nyumba ya mikutano, ilijaa mpaka ku mulango. Nsimire akakunywa, akaimba, akaanguka. Nikafungua kitambaa cha kichwa, nikaanza. Mwanamuke wa Italia mimi sikumulilia. Nilimulilia binti yangu, nilimwita jina lake la nyumbani. Wamama wakaitikia, kisha salle yote ikaitikia. Wababa wakatoa kofia. Maman mumoja wa mbele akapanda juu, akatoa pagne yake, akamufunika mutoto. Wengine walikuwa wamekwisha toka kutafuta kuni za matanga! Kisha Nsimire akaamuka ainamie watu, vile padiri alimufundisha. Yesu wangu! Viti vilianguka, watu wakatokea hata kwa madirisha. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kesho yake kicheko kikaisha. Nsimire ameposwa na kijana wa Miti, kijiji cha inje ya muji, na ng'ombe za kwanza zilishafika kwa mutoto wangu mwanaume, tonton yake. Mama ya kijana akatoka Miti na dada zake, hata maji hawakukubali.

"Binti mwenye amekwisha kuliliwa, tutamuingiza mu nyumba namna gani?" akasema. "Kwetu mutu haliliwi mara mbili."

"Basi munishukuru," nikamujibu, "siku atakufa kweli hamutasumbuka."

"Mama, usituchezee! Mwisho wa mwezi wanarudilia ule mchezo. Akikufa tena, ng'ombe zetu zinarudi."

Mutoto wangu akaniangukia: "Mama, acha kichwa nguvu. Aimbe, lakini asikufe." Kumbe walishapita kwa padiri, naye akaogopa. Akaniletea mwisho mupya: mutajiri anaomba musamaha, wanaoana, watu wanacheza.

"Koko, watu wa siku hizi wanapenda furaha."

"Na Ijumaa Kuu, padiri, nayo utaitia harusi?"

Akakuwa mwekundu kama nyanya. "Sawa," akasema, "ninyi wenyewe mutaamua."

Sasa musikie kwa nini ninakataa. Siku ile baba ya Nsimire alikuwa mu salle, mustari wa pili, pembeni ya bibi yake wa misa. Mwanaume ule hajamupa mutoto wake hata kitambaa cha nguo. Nilipoita jina la binti yangu, mwanaume ule aliinamisha kichwa na hakukiinua tena. Miaka yote hii hakuna mutu alimulilia binti yangu mbele yake. Leo wanataka mutajiri aombe musamaha kwa wimbo, tupige vigelegele? Aliomba lini? Kwa nani?

Lakini Nsimire anamupenda kijana wake, hapo njo naumia. Kijana alikuja peke yake, akasimama ku mulango na kofia mu mikono. Nsimire akamuuliza:

"Siku ile, weye ulilia ao hapana?"

"Nililia."

"Sasa unaogopa nini, mimi niliyekufa?"

"Hapana. Naogopa mama."

Tukacheka sote, hata yeye. Lakini alirudi Miti bila kusema atasimama upande gani.

Nsimire ananiambia: "Koko, mwisho ni wako. Ukianza kilio, nitabaki chini. Ukinyamaza, nitaamuka niolewe na ule mutajiri, na ya Miti itatengenezeka. Mimi sitakukasirikia." Muone mutoto ananibebesha nini.

Kunyamaza mimi sijui. Wakwe wakichukua ng'ombe zao, kwangu hazikulala hata siku moja. Tonton yake atalia, nitamufundisha kulia vizuri. Kwa hiyo musiandike kunishauri ninyamaze, mutaharibu karatasi bure. Mimi nauliza juu ya kijana. Nimutumie habari aje akae mustari wa mbele, aone bibi yake akililiwa mara ya pili, na kisha amupe mukono ainuke mbele ya watu wote? Ao nimuache na mama yake? Ninyi wenye mulioa na kuolesha, nishaurini, nifanye nini na mwanaume mwenye analia vizuri lakini anaogopa mama?