Miezi Saba Mbele ya Ubao

Mama alikuwa na kibano kidogo cha chuma alichokivaa shingoni kwa uzi, mahali ambapo wanawake wengine huvaa msalaba. Alikuwa nacho tangu kambi ya wakimbizi, kaskazini mwa Kenya, tulikokaa miaka kumi na minne. Kazi ya kibano hicho ilikuwa kung'oa kope. Ugonjwa wa vikope ulikuwa umemkunja ngozi ya macho tangu ujana wake, kope zikawa zinaota kuelekea ndani na kumkwaruza kila alipopepesa. Jumapili tukitoka kanisani Kator, mjini Juba, alikaa kwenye kitanda cha kamba nje ya nyumba yetu mtaa wa New Site, akainua uso kwenye mwanga, nami nikaziondoa moja moja. Nilikuwa na mkono mwepesi. Majirani walisema mtoto yule anamjali mama yake, na mimi sikuwakatalia.

Nataka kuandika habari za jicho lake la kulia. Nimeahirisha kwa miaka, kwa sababu sijaona namna ya kulisimulia jambo hili nikabaki mtu mzuri.

Tulirudi Juba mwaka wa pili baada ya amani ya Sudan kutiwa sahihi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimemaliza kidato cha nne, najua Kiingereza na kompyuta kidogo. Nikapata kazi kwenye kibanda cha kuchaji simu na kuchapa barua. Watu walikuja kuchapiwa barua za kuomba kazi, za kulalamikia viwanja, za kumkumbusha mkubwa fulani ahadi yake. Niliwachapia maneno makali kweli kweli. Mimi mwenyewe sikuwa nimeandikia ofisi yoyote hata mstari mmoja.

Mvua zilipoanza, jicho la kulia la mama likawa linatoa machozi kutwa nzima. Nikasikia kuna zahanati ambayo kila Jumatatu huja daktari wa macho, anageuza kope kwa operesheni ndogo. Tukaenda. Nje kulikuwa na meza, na nyuma ya meza nesi mmoja mwenye daftari, mama wa makamo aliyerudi kutoka Uganda. Akaandika jina la mama, akainua macho, akasema neno moja tu: "Mungoje."

Nikamshukuru, nikamshika mama mkono, tukaenda zetu nyumbani kungoja.

Aliyekulia kambini ataelewa. Kule, ukiambiwa ngoja, maana yake nenda nyumbani, jina lako likifika litabandikwa ubaoni. Kila kitu kilipita ubaoni: chakula, usaili, hata habari za ndugu aliyepatikana akiwa hai. Na mimi niliwahi kujaribu njia nyingine. Nikiwa na miaka kumi na tatu niliona kwenye kadi yetu ya chakula wamelikosea jina la mama, nikaenda dirishani kwa Kiingereza changu cha darasa la sita nikamwambia bwana aliyekaa pale kwamba kuna makosa. Akaichukua kadi ikasahihishwe. Migao miwili ikapita hatuna kadi, tukala kwa majirani, na iliporudi ilikuwa na makosa yale yale. Mama hakunipiga. Alisema tu, "Siku nyingine ngoja uitwe." Nikalishika somo hilo kuliko hesabu. Nikawa fundi wa kungoja. Nilijua hata kuweka jiwe: ukichoka kusimama kwenye laini unaacha jiwe mahali pako, unaenda kivulini, na watu wanaliheshimu jiwe lile kama wanavyokuheshimu wewe.

Basi kila Jumatatu, kabla ya kufungua kibanda, nilipita pale zahanati kusoma ubao. Ubao ulikuwepo ukutani, karibu na lango. Ulikuwa na karatasi moja tu, tangazo la chanjo ya mbuzi, na neno la pili kutoka mwisho lilikuwa limeandikwa vibaya. Nililisoma tangazo lile miezi saba. Mlango wa zahanati ulikuwa hatua ishirini kutoka pale, watu wanaingia na kutoka, wengine wamefungwa bandeji jichoni. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Mimi nilikuwa nayo mawili, mazima, nikitazama mbuzi.

"Hawajatuita bado," nilimwambia mama kila niliporudi. "Lakini watatuita."

"Umon munu?" aliniuliza siku moja kwa Kiarabu cha Juba. Hao ni akina nani?

Nikamjibu kwa ukali kwamba ni wale wenye kazi yao, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Hakuuliza tena. Nadhani nilikasirika kwa sababu sikuwa na jibu, ila wakati ule nilijiona mtu wa utaratibu.

Mwezi wa tatu wa kungoja kwetu jicho lilianza kufunga ukungu. Mwezi wa tano lilikuwa jeupe kama ute wa yai unaoanza kuiva. Alikuwa akigeuza kichwa kizima kumtazama mtu aliyesimama kulia kwake. Nami Jumapili naendelea na kibano, mkono mwepesi, najisikia nimefanya kitu.

Jirani yetu alikuwa mwanamke aliyekulia Uganda. Kila asubuhi alivuka daraja kwenda kuuza unga wa muhogo Gumbo, kando ya barabara ya Nimule. Mama mkwe wake alikuwa na ugonjwa ule ule. Jumatatu moja alimpeleka asubuhi, wakarudi mchana, bibi kafungwa bandeji. Jioni akaja akaegemea ua wetu.

"Ustaz," akaniita kwa utani, maana nilikuwa mtu wa kompyuta, "wewe iko nangoja nani?"

"Jina la mama liko kwa daftari," nikamwambia. "Wakibandika orodha tutaenda."

"Orodha gani? Mimi hapana ona orodha. Mimi naingia, nasema huyu mama iko na macho mbaya, basi. Mulango iko wazi."

"Kuna utaratibu," nikasema.

Akaenda zake. Moyoni nikasema hawa wa Uganda wamezoea kusukumana, hawajui laini ni nini. Nilimdharau, na yeye ndiye aliyekuwa na mgonjwa aliyetibiwa. Naona aibu hata kuliandika.

Kilichonitoa pale si akili. Jumapili moja nilimaliza kope za jicho la kulia, lile ambalo halikuona tena, nikaanza kufuta kibano. Mama hakuinuka. Akageuza uso upande wa pili, akasema taratibu, "Na hili. Limeanza."

Nikainama kutazama. Kope nne au tano za jicho la kushoto zilikuwa zimelala ndani, zimegusa jicho. Mkono wangu mwepesi ukashindwa kushika hata moja. Niliogopa sana. Nilipiga hesabu ya miezi: kama la kulia lilikwenda kwa miezi mitano, nilijua kabisa lini mama yangu asingeweza kuona chochote.

Kesho yake ikawa Jumatatu, nikampeleka. Na hapa mtu angetegemea kwamba niliingia moja kwa moja. Sivyo. Nje ya mlango watu walikuwa wamejaa, nikatafuta jiwe. Nikaliweka mwisho wa watu, kando ya mguu wa bwana mmoja aliyeliangalia asielewe, nikaenda kukaa na mama kwenye kivuli cha ukuta. Nikasoma tangazo la mbuzi.

Upepo ulikuwa unaubamiza mlango. Askari wa lango akatoka, akatafuta-tafuta chini, akaokota jiwe langu akaliweka kuzuia mlango usijifunge. Watu wakaendelea kuingia. Waliokuja nyuma yangu wakaingia. Mlango wenyewe ulikuwa umeshikiliwa wazi na jiwe langu, na mimi nimekaa nalitazama, kwa sababu halikuwa tena mahali pangu na sikujua kanuni inasemaje.

Mama hakuweza kuona mbali hivyo. Akaniuliza, "Laini imefika wapi?"

"Karibu," nikamwambia.

Nilikuwa nimemdanganya mtu aliye karibu kupofuka kuhusu kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu. Nililisikia neno lile likitoka kinywani na nikapata joto usoni kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Nikasimama. Nikamshika mama, tukapita katikati ya watu nikisema samahani, samahani, tukaingia.

Nesi alikuwa yule yule. Nikasema jina la mama, na kwamba tuliandikishwa mvua zilipoanza, na kwamba tumekuwa tukingoja orodha. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Orodha?" akauliza. "Nani alikuambia iko orodha?"

Nikafungua mdomo nimtaje aliyeniambia. Hakukuwa na mtu. Hakuna mtu Juba nzima aliyewahi kuniambia kuhusu orodha.

Akafungua kabati, akatoa daftari la zamani, akapekua mpaka akafika. Akalisukuma mbele yangu nisome mwenyewe. Jina la mama lilikuwepo, limeandikwa bila kosa. Mbele yake, kwa kalamu nyekundu: Ameitwa. Hayuko. Tarehe ilikuwa ile ile tuliyoandikishwa.

"Tuliita yeye hiyo asubuhi," nesi akasema. "Alikuwa namba sita. Mulienda wapi?"

"Nyumbani."

"Kufanya nini?"

"Kungoja," nikasema.

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alilifunga daftari akamwita daktari.

Jicho la kushoto lilishughulikiwa siku hiyo hiyo, nusu saa haikutimia. Daktari alilitazama la kulia kwa tochi, akasema kioo cha jicho kimekwisha kuharibika, angeletwa mapema... Hakuimaliza sentensi, nami nilimshukuru kwa hilo. Waswahili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yangu haikuumiza tumbo langu, iliumiza jicho la mtu mwingine.

Nimebadilika tangu hapo, sitajifanya sijabadilika. Nikiambiwa ngoja, nauliza: hapa hapa au nyumbani? Mpaka saa ngapi? Nikitoka nje utaniitaje? Watu hucheka, wengine huudhika. Kiwanja chetu nilikifuatilia mwenyewe, ofisi kwa ofisi, na barua nikachapa kwa jina langu, na mara ya kwanza nilipobisha hodi kwenye mlango wa mkubwa mikono ilitoka jasho, mara ya kumi haikutoka. Mtu anaweza kujifunza kubisha hodi akiwa mtu mzima hivyo. Si jambo kubwa kama nilivyodhani.

Lakini siku ile tulipotoka zahanati, tulipumzika kwenye kibanda njiani, nikamnunulia mama soda. Bandeji ilikuwa imefunika jicho zuri, kwa hiyo hakuwa anaona kitu, alikuwa ananigeukia kwa kusikia. Nikaona heri nimwambie pale ambapo hawezi kunitazama.

"Mama, siku ile ya kwanza waliita jina lako. Asubuhi ile ile. Tulikuwa tumeshaondoka."

Akanywa soda. Akasema, "Nilidhani hivyo."

"Ulidhani?"

"Jirani aliniambia twende naye. Mara mbili. Mara ya kwanza jicho lilikuwa bado linaona, hata rangi."

Nikamuuliza kwa nini hakwenda. Niliuliza kama namlaumu, Mungu anisamehe.

"Jena tai," akasema, yaani mwanangu, "ningepitaje mbele za watu nimeshikwa mkono na mtoto wa mwenzangu, na wangu yuko nyumbani? Wangesemaje juu yako? Nilimwambia asante, nina mtoto, atanipeleka."

Akanyoosha mkono hewani, akautafuta mkono wangu mpaka akaupata. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alitaka tu tuvuke barabara.