Ukoo Kwanza, Figo Baadaye

Mzee Toribio wa mji wa Manaure, wa kabila letu la Wayuu, alipewa kazi ya kusoma na kurekodi masomo ya uuguzi kwa lugha yetu, wanafunzi wasioona wayasikilize kwenye simu. Kila somo alilianza kwa kuuliza, kama desturi yetu kabla ya mazungumzo, "Ukoo wa mama yako?" kisha akangoja jibu. Fundi wa chuo akaukata ukimya ule kwenye rekodi. Toribio akasusa, likiwa limebaki somo la figo, na mtihani wa Griselda, mwanafunzi asiyeona, umekaribia.

Griselda akamfuata na kahawa, akawasha simu irekodi.

"Niulize mimi, mjomba."

"Ukoo wa mama yako?"

"Epieyú."

"Haya, binti. Sasa figo."

Griselda alifaulu. Jibu lake halikukatwa kwenye somo. Wanafunzi wa ukoo wa Ipuana wamelalamika kwamba figo zote ni za Waepieyú.